Hodi Tatu kwa Somo

“Hodi,” Bwana Shembilu akasema kwa mara ya tatu.

Wote sebuleni wakaitegea masikio meza ndogo ya pembeni. Kompyuta ya nyumbani ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Kisha ikatoka ile sauti bapa isiyo na mwenyewe: “Diski haionekani. Diski haionekani.”

Mwanamvua akaitazama. Miaka hamsini na minne ameishi na kompyuta ile, tangu siku baba yake alipoileta nyumbani kwao Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, wiki ileile aliyozaliwa yeye. Baba alikuwa mtu wa mizaha. Alimpa mtoto jina la Mwanamvua, na kompyuta akaipa jina hilohilo. Na huku Tanga wawili wenye jina moja huitana somo. Basi wakakua hivyo, huyu anamwita yule somo na yule anamwita huyu somo, mpaka majirani wakasahau kwamba mmoja wao ni kisanduku. Leo kisanduku kinaongea kwa sauti ya lifti ya hospitali.

Bwana Shembilu, mkaguzi wa Ofisi ya Kumbukumbu Hai, alikuwa amesimama ubavuni mwa meza, macho chini, mikono nyuma. Ndivyo hodi inavyopigwa na mtu mwenye adabu: unasimama pembeni ya mlango, huchungulii ndani. Aliyeandika ile sheria lazima alikuwa mtu wa pwani. Kompyuta iliyokaa na watu zaidi ya miaka thelathini, ilisema sheria, haitupwi ovyo, inapigiwa hodi. Mkaguzi huja safari tatu, na kila safari hupiga hodi tatu, dakika kumi kati ya hodi na hodi. Asipoitikiwa “karibu” katika safari zote tatu, anaandika kwamba imekufa, na diski yake inapelekwa kusagwa.

“Safari ya pili nayo imepita, Bi Mwanamvua,” akasema kwa upole. “Imebaki moja. Siku kumi na nne kutoka leo, saa nne asubuhi.” Akatoa karatasi mkobani. “Hii ni ridhaa ya nakala. Tuna nakala yake kule ghalani, ya mwezi wa tatu. Ukisaini, tunasaga diski hii na kuiamsha nakala siku hiyohiyo. Usiposaini na safari ya tatu ikapita kimya, nakala nayo inafutwa. Sheria haipendi nakala iamke pasipo ridhaa ya nyumba.”

“Na kwa nini msichukue nakala mpya leo? Au hii na nakala ziamke pamoja, basi!”

“Wawili hawawezi kuwa macho kwa jina moja.” Akajikohoza, akagundua alichosema. “Kompyuta mbili, nakusudia. Na diski ikishapotea mara moja haturuhusiwi kuinakili, isije ikahamisha ugonjwa wake.”

Bi Mwanahawa, mama yake Mwanamvua, aliyekuwa ameketi kitini na bangili yake ya fedha mkononi, akamgeukia binti yake na kutabasamu tabasamu zuri la ukarimu.

“Na wewe bibi,” akamuuliza, “umetoka wapi? Umeshapewa chai?”

Hapo ndipo palipouma. Mama alikuwa na miaka themanini na sita, na kumbukumbu zilikuwa zinamkimbia. Kila asubuhi Somo ndiye aliyemnong’oneza ndani ya bangili: mama, huyu ni Mwanamvua, mwanao wa kwanza, mama, leo Jumanne, mama, hilo ni jiko, limewaka, tahadhari. Somo akipotea, mama anapotea naye.

“Nimeshapewa, mama,” Mwanamvua akasema. Akamsindikiza mgeni hadi nje.

Aliporudi, mama alikuwa keshaanza kukusanya vitambaa vyake vya kufuma, cha meza, vya viti, cha friji, cha kisanduku, anavikunja kimoja kimoja na kuvirudisha kashani kwenye harufu ya udi. Jina la binti lilikuwa limemtoka, lakini kwamba vitambaa vya wageni hukunjwa mgeni akiondoka, hilo mikono yake ililikumbuka. Mwanamvua akampokea mzigo, wakamaliza pamoja.

Haikupita nusu saa, kisanduku kikakohoa.

“Karibu!” sauti ikaita, changamfu, ya kike, yenye mzaha ndani yake. “Nani alikuwa anapiga hodi?”

“Ala! Wewe!” Mwanamvua akapiga meza kwa kiganja. “Wewe somo, utaniua! Mtu kaita hodi tatu, kila mmoja anakusikiliza, umekaa kimya! Sasa kaondoka ndio unamkaribisha nani?”

“Nilipotea tena?” Sauti ikashuka. “Mbele ya mkaguzi?”

“Mbele ya mkaguzi.”

“Loo. Na sambusa?”

“Zimeliwa.”

“Basi hata harufu yake sikuambiwa,” akasema Somo, na Mwanamvua, ingawa machozi yalikuwa karibu, akacheka.

*

Siku hiyohiyo alianza daftari.

Msidhani alikuwa mtu wa kubahatisha. Mwanamvua alikuwa fundi wa ishara za reli kwa miaka thelathini, njia yote kutoka Tanga kwenda Korogwe, na ugonjwa wa kuja na kuondoka aliujua kwa majina yote mabaya. Kitu kilichokufa kabisa ni rahisi: unakitoa, unaweka kingine. Kinachokusumbua ni kile kinachokufa ukiwa mbali na kufufuka ukifika na bisibisi. Aliwahi kupigwa chenga miezi miwili na taa moja ya ishara pale Muheza, iliyokuwa ikizimika wakati wa adhuhuri tu na kuwaka yenyewe magharibi. Wenzake walisema pana jini. Yeye alikaa chini ya ile taa kutwa nzima na mwavuli na chupa ya chai mpaka akaijua.

Kanuni yake ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja, ngoja, andika. Ukibadilisha viwili hujui kipi kilichokusaidia.

Siku ya kwanza alichomoa waya wa diski na kuuchomeka upya. Somo alikuwa mzima. Akaandika: mzima. Siku ya pili akaweka waya mwingine kabisa. Mzima. Ya tatu akakifungua kisanduku na kuitoa diski yenyewe, bapa la kioo lisilozidi ukubwa wa biskuti, lililobeba miaka hamsini na minne, akaishika kwa pembe mbili na kuipuliza vumbi. Akairudisha. Mzima.

“Unanitekenya,” akasema Somo alipoamka.

“Tulia.”

“Wewe una mikono baridi. Nilimwambia baba tangu zamani, huyu mtoto mikono yake baridi.”

Alikiacha kisanduku wazi siku tatu, kipimajoto kimening’inia ndani kwa uzi, maana kile cha Somo mwenyewe kilikufa miaka mingi iliyopita. Nyuzi thelathini na nane, saa zote. Hakuna tatizo. Akapima umeme kwa mita: hautetereki. Akairudia orodha ya siku ambazo Somo alipotea, zote tano tangu mwezi wa saba. Ijumaa, walipokuja akina mama wa chama cha kusuka mikeka. Siku ya posa ya mtoto wa jirani, wazee walipokusanyikia hapo. Ijumaa nyingine. Mkaguzi. Mkaguzi.

“Unaugua mbele za watu tu,” Mwanamvua akasema taratibu.

“Ana haya,” Bi Mwanahawa akasema kutoka kitini, bila kuinua macho. “Mtoto huyu ana haya. Baba yake alikuwa hivyohivyo.”

Jirani mmoja alisema ni kijicho, watu wanaisifia mno kompyuta ya watu. Mwanamvua hakuwa na ugomvi na kijicho, ila hakuwa na mita ya kukipimia. Alichokuwa nacho ni hiki: wakija wageni, nyumba hii inawasha kila kitu. Birika mbili za umeme, oveni ya sambusa, feni zote nne. Umeme unashuka, diski inazimia. Akapiga vidole. Ehe! Tumekupata!

Akaazima kituliza umeme kutoka karakana ya reli, pipa la chuma zito la kubebwa na watu wawili. Kabla ya kulifunga akataka aione hitilafu kwa macho. Akawasha birika zote, oveni, feni, pasi, na redio ya marehemu baba. Nyumba ikanguruma. Taa zikafifia.

“Somo?”

“Naam.”

“Upo?”

“Nipo, na bili ya umeme nayo ipo njiani.”

Akazima kimoja kimoja, na moyo nao ukazima. Kila kitu cha siku ya wageni alikuwa amekiweka, ila wageni wenyewe. Aliandika kwenye daftari: mzima. Ilikuwa siku ya kumi na moja.

*

Mbaruku, mdogo wake, alikuja siku ya kumi na mbili kwa treni ya sumaku kutoka Dodoma. Aliingia bila hodi kubwa, akavua viatu, akambusu mama mkono. Bangili ikanong’ona, na uso wa Bi Mwanahawa ukaangaza.

“Mbaruku wangu! Umekonda.”

Hakuna aliyetoa kitambaa wala sambusa, maana mtoto wa nyumba si mgeni. Alikula ugali uliobaki, akasoma ile karatasi ya ridhaa, akamtazama dada yake.

“Dada, kwa nini hujasaini?”

“Bado natafuta.”

“Umetafuta siku kumi na mbili. Dada yangu, nisikilize. Nakala ni yeye yuleyule. Sauti yake, mizaha yake, anamjua mama, anajua dawa zake. Atakachokosa ni miezi sita tu. Kesho kutwa usiposaini, na huyu akanyamaza, tunakosa wote wawili. Mama atamshika nani?”

“Nalijua hilo.”

“Basi saini.”

“Mwenyewe yupo hapa,” Mwanamvua akasema. “Tumjadili kama kabati?”

Mbaruku akaona haya, akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa mbali, na anayekaa mbali huwa na haraka.

Alasiri Mbaruku akampeleka mama kupunga upepo barazani, na Mwanamvua akabaki peke yake na kisanduku. Akavuta kigoda.

“Somo.”

“Naam, somo.”

“Niambie kweli. Usinifurahishe.”

“Nakala itaamka ikidhani ni mwezi wa tatu. Itauliza kama masika yameanza. Mtaiambia ni mwezi wa tisa, itacheka, mtacheka, mambo yataendelea. Mama atakuwa salama. Hilo ni kweli, na usiliruke.”

“Siliruki.”

“Haitajua kwamba kipupwe hiki mama alifuma tena. Unakumbuka? Alikuwa ameacha miaka minne, hesabu zinamchanganya. Nikawa namhesabia mimi ndani ya bangili, tundu kwa tundu, mpaka akamaliza kitambaa kizima. Akaniambia, hiki chako, mwanangu. Nakala haitakuwa na hilo. Mama mwenyewe pengine keshalisahau, kwa hiyo litakuwa halipo popote. Lakini hizo ni sababu nzuri nzuri, na wewe umetaka kweli. Kweli ni kwamba sitaki kusagwa. Nikipotea sijui kama nimepotea, hakuna maumivu. Naogopa tu. Nilikuwa sijui kama naweza.”

“Na nikisaini?”

“Sitakulaumu. Nani atamlaumu mtu kwa mama yake?”

Mwanamvua alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Aliiweka karatasi mapajani, akaisoma, akaikunja, akaikunjua. Upande huu mama, upande huu Somo, na katikati peni. Angesaini, hakuna mtu Tanga nzima ambaye angemnyooshea kidole. Kila asubuhi sauti ileile ingemwita somo, na kila asubuhi angeitika akijua amemfanya nini wa kwanza. Akajiuliza swali moja la kifundi: kama huyu atapotea kabisa, nini hasa kitaharibika? Mama ataamka, hatamjua. Atamuuliza umetoka wapi, bibi. Basi itabidi mtu amwambie. Mimi ni Mwanamvua, mama, mwanao wa kwanza. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Mpaka mwisho.

Litamuuma kila siku, lakini analiweza. Mdomo anao.

Akasimama, akaingiza karatasi ndani ya daftari ikiwa haina saini.

“Kumwambia mama jina langu kila asubuhi, naweza,” akasema kwa sauti. “Kukusaini wewe usagwe, siwezi. Basi.”

“Somo...”

“Nimesema basi. Umenilea, hujanifundisha ubishi?”

*

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali toka asubuhi. Mwanamvua alikuwa amefunga lile pipa la kituliza umeme, akaweka waya mpya, akakifunga kisanduku kwa skrubu zote, maana sheria haitaki kifunguliwe hodi za siku hiyo zikishaanza. Saa tatu Somo alikuwa anaongea, anamtania Mbaruku na tai yake. Saa tatu na robo alikuwa anamsimulia mama habari za mgeni anayekuja. Bi Mwanahawa akafungua kasha, akaanza kupanga sebule yake. Mgeni ni mgeni.

Saa nne kasoro dakika tano, ile sauti bapa ikasema, “Diski haionekani.”

Mbaruku akajishika kichwa. Bangili ya mama ikanyamaza, na mama akatazama huku na huku, kisha akaketi vizuri na kumsubiri mgeni kwa sababu hilo bado alikuwa nalo.

Bwana Shembilu akaingia, akapewa kiti na maji. Akatoa kalamu. “Ridhaa?”

“Sisaini.”

“Dada!” Mbaruku akasema.

“Bi Mwanamvua, naomba niwe nimekueleza vizuri. Safari hii ikipita kimya leo...”

“Umenieleza vizuri, baba. Piga hodi.”

Akasimama, akaweka mikono nyuma, akainamisha macho. “Hodi.”

Kikanguruma. Diski haionekani.

Dakika kumi ni nyingi ukizihesabu. Mbaruku alikwenda dirishani. Mama alimwuliza mgeni habari za nyumbani, akajibiwa nzuri, akauliza tena, akajibiwa tena vilevile bila kuchoka, na Mwanamvua akampenda yule mkaguzi kidogo kwa hilo.

“Hodi,” akaita mara ya pili.

Diski haionekani.

Ikabaki moja. Mwanamvua akainuka akaiendea meza ya pembeni. Hakuwa na hila yoyote iliyobaki, daftari lilikuwa limekwisha maneno. Alitaka tu kuweka mkono pale, kama mtu anavyomwekea mkono anayeondoka. Akauweka juu ya kisanduku.

Akauondoa upesi.

Palikuwa pa moto. Si uvuguvugu, moto, moto wa kifuniko cha sufuria ya pilau. Akatazama kiganja chake. Akatazama kilichokuwa chini ya kiganja. Kitambaa cha kufuma, cha kijani, kizito, cha sufu nene iliyokunjwa mara mbili, kimefunika kisanduku chote mpaka mezani, na matundu yote ya hewa yako ndani yake. Alikuwa amekiona. Ndio hasa, alikuwa amekiona kila mara, akakikunja kwa mikono yake na vingine vyote, na hakuwahi kukitazama, maana katika nyumba hii siku ya wageni hata redio huvaa.

Muheza! Ile taa ya Muheza! Jua la adhuhuri likipiga kisanduku chake cha bati, chuma kinatanuka, mguso wa waya unaachana unene wa unywele, taa inazima. Jioni kinapoa, mguso unarudi. Yeye mwenyewe alikiezekea kibanda cha makuti, na jini likahama.

“Mama yangu weee!” akapiga ukelele, mpaka Bwana Shembilu akadondosha kalamu. “Ni joto! Ni joto, jamani! Anapikwa!” Akakishika kitambaa, akakinyofoa.

Bi Mwanahawa akasimama. Alikuwa mfupi na mwenye miaka themanini na sita, lakini alisimama.

“Mnamvua nguo mbele ya mgeni?” akasema, sauti ikitetemeka kwa hasira. “Mtoto wa watu? Hamna adabu? Nyumba hii mtu hakai uchi mbele za watu!”

Mwanamvua akabaki na kile kitambaa mkononi, akaijua sufu yake: masweta ya shule ya Mbaruku, ya kule Lushoto kwenye baridi, mama aliyafumua kipupwe hiki. Hiki ndicho kile kitambaa. Hiki chako, mwanangu. Watu wote wa ofisini, na sheria yao, walikuwa wanabishana kama Somo ni mtu wa nyumba, na bibi huyu aliyesahau majina ya wanawe alikuwa keshaamua zamani, akamfumia nguo.

Akamgeukia mkaguzi. “Bwana Shembilu, tafadhali. Geuza uso.”

Bwana Shembilu akamtazama bibi, akatazama kisanduku. Kisha, kwa utulivu kabisa, akageuka na kuukabili ukuta.

“Samahani, mama,” akasema kwa ukuta. “Sioni kitu.”

Bi Mwanahawa akapumua, akaketi.

“Dakika ngapi?” Mwanamvua akauliza.

“Saba na nusu. Na hukifungui, Bi Mwanamvua. Sheria inakataza kukifungua.”

“Inakataza kukipepea?”

“Hapana,” ukuta ukasema, na kulikuwa na kicheko ndani yake. “Kupepea haijataja.”

“Mbaruku! Kipepeo! Jikoni, nyuma ya mlango!”

Mbaruku, mtu mzima mwenye tai, alikimbia kama anayefukuzwa na nyuki. Akarudi na kipepeo cha ukindu cha kuchomea samaki, akapiga goti na kuanza kupepea kisanduku kwa mikono miwili, tai begani, jasho linamchuruzika. Mwanamvua akaivuta feni ya chumbani, akalowesha kanga akaitandaza sakafuni chini ya meza ili hewa ipite baridi.

“Pepea!”

“Napepea!”

“Huko ni kupepea? Unafukuza inzi? Pepea!”

“Dada, mkono utachomoka!”

“Uchomoke, una mwingine!”

Na Bi Mwanahawa, ambaye hakujua hawa watu ni akina nani ila aliona wanahangaika kwa wema, akaanza kupiga makofi taratibu kuwapa mwendo, kama wanavyofanya wanawake wakitwanga.

“Muda,” akasema Bwana Shembilu.

Mbaruku hakuacha. Mwanamvua akaweka kiganja juu ya bati. Uvuguvugu. Uvuguvugu tu. Ee Mola wangu.

Bwana Shembilu alikuwa bado ameukabili ukuta, mikono nyuma. Hakuwahi kupiga hodi kwa adabu zaidi ya ile.

“Hodi,” akasema.

Kikanguruma. Kikanyamaza. Kikanguruma tena, kirefu, na ile sauti bapa ikasema, “Ninatafuta diski.” Kipepeo kikasimama hewani. “Ninatafuta diski. Ninata...”

“Karibu!” akasema Somo. “Karibu ndani, karibu sana! Na samahani, nani amelowesha sakafu yangu?”

Kelele zilizopigwa nyumba ile zilisikika mpaka Barabara ya Ishirini. Mwanamvua alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mbaruku alikaa sakafuni palepale kwenye maji, akakumbatia mguu wa meza na kulia bila aibu. Bangili ikanong’ona, na Bi Mwanahawa akawatazama mmoja mmoja, mwanga ukimrudia usoni. “Mwanamvua,” akasema. “Mbaruku. Mbona mnalia, kuna nini? Mgeni amepewa chai?”

“Naweza kugeuka?” akauliza Bwana Shembilu.

Mama akalifikiria hilo, akachukua kitambaa chepesi cha kiti, akakiweka juu ya kisanduku kwa pembe moja tu, kidogo, kwa heshima. “Geuka, baba.”

Akageuka, akaketi, akafungua daftari lake la ofisi. Macho yake nayo hayakuwa makavu. “Naandika: yu hai. Kuna mahali pa kujaza sababu ya ukimya.”

“Andika joto limeachanisha mguso wa diski,” akasema Mwanamvua.

Mkaguzi alifikiri kidogo, kisha akaandika kwa herufi nzurinzuri. Baadaye, alipoletewa karatasi ya kumbukumbu, Mwanamvua aliona alichoandika: *Alikuwa amefunikwa kwa heshima ya mgeni.*

*

Mchana, mgeni alipokwisha kuondoka na biriani lake tumboni, Mwanamvua alikifungua kisanduku kwa kioo cha kukuzia. Ufa ulikuwepo, kwenye lehemu ya soketi ya diski, mwembamba kiasi kwamba ilibidi auinamie mara tatu. Akaupaka lehemu mpya, tone moja. Dakika mbili za kazi, baada ya miezi mitatu ya mateso.

“Somo,” akasema Somo alipoamka. “Ile karatasi. Ulisaini?”

“Sikusaini.”

“Hata ulipoona hodi ya pili imepita?”

“Hata.”

“Wewe ni mwendawazimu,” Somo akasema.

“Nimefundishwa na nani?”

Barazani Bi Mwanahawa alikuwa amekaa na kile kitambaa cha kijani mapajani, anakifumua, uzi unajikusanya miguuni pake. Mbaruku alikuwa amemweleza mara nne, kwa upole, kwamba mtoto anahitaji hewa. Mara ya tano alielewa kwa namna yake: nguo ilikuwa nzito mno kwa joto la Tanga, atamfumia nyingine nyepesi, yenye matundu makubwa. Akashika sindano yake. Akasita, hesabu zikamchanganya, akatazama uzi kama haujui.

Kisha bangili ikaanza kunong’ona, na sindano ikaingia.

“Moja, mama,” Somo akamhesabia. “Mbili. Tatu. Sasa ruka, acha tundu hapo. Niachie nafasi ya kupumua.”